Trekta Ikikufa Shambani: Umwite Nani, na Pesa Uilipe Vipi

Uasin Gishu na Trans Nzoia, wakulima wengi hulima mapema mwaka, halafu wanangoja mvua ya Machi au Aprili ndio wapande mahindi. Mvua ikishika, siku nzuri za kupanda ni chache, na kila mwenye trekta ana foleni ya majirani, wengine washamtumia deposit. Hapo ndipo trekta hufa. Si mkosi. Ndio wakati inafanya kazi mchana na usiku, na mara nyingi ile sevisi iliyofaa kufanywa Desemba ikiwa imeegeshwa haikufanywa.

Kinachofuata tunakijua. Dereva anapiga simu: "Boss, imezima." Kabla hujafika shambani, mtu ashasema ni pampu. Fundi anaitisha elfu kumi na tano za spea. Unatuma, kwa sababu mvua haimngoji mtu. Jioni spea imefungwa, trekta bado haiwaki, na fundi sasa anasema shida ni kitu kingine. Ukifungua simu, ujumbe wa muamala unaonyesha ulimtumia fulani elfu kumi na tano. Hausemi zilikuwa za nini.

Tunachokushauri ni hiki: usilipe matengenezo kama kitu kimoja. Kuja kuangalia kuna malipo yake, spea zina malipo yake, kazi ya mikono ina malipo yake, na kila pesa iende moja kwa moja kwa mwenye nayo. Ukifanya hivyo, hata uamuzi wa kumwita dila au fundi wa mtaani unakuwa rahisi, maana unajua unanunua nini.

Kabla hujampigia mtu

Kuna mambo dereva anaweza kuangalia kwa dakika kumi, na yamewaokolea watu pesa nyingi.

Kama stata haizunguki kabisa, anza na betri. Vichwa vya waya vimelegea au vimeota unga mweupe? Gia iko huru? Matrekta mengi hayakubali kupiga stata kama gia imeingizwa au klachi haijakanyagwa. Kama inazunguka lakini injini haishiki, uliza swali la aibu kwanza: dizeli ipo? Na ile kamba ya kuzimia imerudishwa? Zikiwa sawa, angalia kikombe cha kuchuja maji na filta ya dizeli. Dizeli ya mtungi iliyolala stoo huwa na maji na uchafu, na filta ikiziba injini inakosa nguvu, inadundadunda, kisha inazima. Trekta ikiishiwa dizeli kabisa, hewa huingia kwenye mabomba, na injini ya dizeli yenye hewa haiwaki mpaka hewa hiyo itolewe. Kazi hiyo dereva mzoefu anaifanya kwa spana moja. Mtu asikuuzie pampu kwa sababu ya hewa.

Angalia moshi pia. Moshi mweusi mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba au trekta iliyobebeshwa kazi kuliko nguvu zake. Moshi wa samawati unamaanisha injini inachoma oili. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyochomeka vizuri, au maji yanaingia mahali yasipofaa.

Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukikuta oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini. Usiiwashe tena, hata kuirudisha nyumbani. Gasketi ya hedi ni gharama unayoweza kuistahimili. Injini iliyokaukiwa na oili ni hadithi nyingine. Ikiwa imechemka, izime, ngoja ipoe, na usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Mara nyingi utakuta makapi na vumbi vimeziba rejeta, au mkanda wa feni umelegea.

Ukishindwa, piga picha. Piga kibati chenye namba ya modeli na ya injini, mita ya saa, na mahali penye tatizo. Rekodi video fupi ya mlio au moshi. Fundi au dila akipata hizo kwa WhatsApp, atakuja na vifaa vinavyofaa badala ya kuja kutazama tu na kurudi mjini.

Dila au fundi wa mtaani?

Dila ni kampuni iliyoidhinishwa kuuza trekta za aina fulani na kuzihudumia. Ana vitabu vya modeli yako, vifaa maalum, na spea za kampuni. Pia ana foleni, hasa msimu ukianza, na akija shambani hulipisha safari kwa kilomita na kazi kwa saa. Kabla ya kukubali, uliza maswali matatu: kilomita ni pesa ngapi, saa inaanza kuhesabiwa lini, na akija akakosa spea, safari ya pili nani analipa? Wengi huuliza bei ya spea wakasahau hilo la mwisho, na ndilo huuma.

Trekta ikiwa bado kwenye waranti, maoni yetu ni mafupi: mpigie dila, hata kama fundi yuko hapo kwa jirani. Waranti nyingi hudai sevisi zifanywe kwa wakati (ya kwanza kwa trekta nyingi mpya ni saa 50) na ziwe na rekodi. Ukimruhusu mtu mwingine afungue injini, unampa muuzaji sababu ya kukukatalia. Vilevile, kama trekta yako ni ya kisasa yenye kompyuta, na taa ya hitilafu inawaka, fundi asiye na kifaa cha kuisoma atakuwa anabahatisha kwa pesa yako.

Kwa Massey Ferguson 240 iliyochoka, au Ford ya miaka ya themanini, hesabu ni tofauti. Hizo ni mashine za chuma na spana. Mafundi wengi wanazijua kama kiganja, na baadhi yao walijifunzia kwa madila kabla ya kujiajiri. Klachi, breki, stata, mkanda, rejeta, hata gasketi ya hedi, fundi mzuri anazimaliza kwa gharama ndogo na pengine siku hiyo hiyo.

Kuna kitu kimoja ambacho hata kwenye trekta nzee hatungependa kifunguliwe chini ya mti: pampu ya dizeli. Ndani yake vipande vimekaana kwa usahihi mno, na vumbi kidogo tu linatosha kuiharibu. Isitoshe, ikishafunguliwa inafaa kupimwa na kurekebishwa kwenye mashine maalum. Miji kama Eldoret, Kitale na Nakuru ina mafundi wa pampu na nozeli wenye mashine hizo. Fundi wako aifungue kutoka kwa injini, aipeleke huko, airudishe. Akisema anaweza kuifanyia hapo hapo shambani, mshukuru na umlipe nauli.

Spea: hapa ndipo pesa hupotelea

Fundi akikuambia "nitumie nikununulie", si lazima awe mwizi. Lakini unakuwa umempa kazi tatu: kuchagua duka, kukubaliana bei, na kushika pesa yako. Wewe unabaki hujui bei ya kweli, na duka halikujui. Ikibidi kurudisha, risiti ina jina la nani?

Njia iliyo bora: fundi akuandikie jina na namba ya spea, wewe upigie duka mwenyewe. Thibitisha ipo, uliza bei, uliza kama ni ya kampuni au ya kuiga, na kama wanakubali irudishwe isipoingia. Spea ya kuiga si haramu, na nyingine hufanya kazi vizuri miaka mingi. Kosa ni kulipa bei ya ile ya kampuni halafu ukaletewa ya kuiga.

Kuna vitu havihitaji hata jina la trekta. Beringi huwa na namba iliyochongwa ubavuni. Ikiandikwa 6205, kipimo chake ni kilekile popote duniani: shimo milimita 25, upana wa nje milimita 52, unene milimita 15. Kwa hivyo badala ya kuitisha "beringi ya trekta fulani" na kupewa bei ya trekta fulani, ingia duka lolote la beringi na namba yako. Ila soma herufi zinazofuata namba pia, maana zinasema kama imefunikwa pande mbili na mengineyo. Sili za oili nazo mara nyingi huandikwa vipimo vitatu: shimo, upana wa nje, unene. Mikanda ina namba zake. Safisha kile cha zamani kwa dizeli, usome, upige picha. Namba ikiwa imefutika, tuma spea yenyewe kama sampuli.

Ukishapatana na duka, lipa kwa Till au Paybill ya duka. Kabla malipo hayajakamilika, simu inakuonyesha jina. Lisome. Kama uliongea na duka la spea na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama, upige simu tena. Kwenye Paybill, nafasi ya namba ya akaunti ijaze namba ya ankara au namba ya usajili ya trekta, kulingana na watakavyokuelekeza. Omba ankara ya eTIMS pia, hasa kama trekta unaikodisha na unafanya hesabu za kodi. Tangu Januari 2024, KRA kwa kawaida haikubali gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo.

Wale wanaotangaza gia nzima kwa nusu ya bei mtandaoni, halafu wanataka "deposit kidogo tu ya kushikilia" kwa namba ya kibinafsi, waache. Duka la kweli linaweza kukuonyesha spea kwa video, namba ikiwa inasomeka, na lina mahali mtu wako anaweza kwenda kuiona.

Kumlipa fundi bila kugombana

Fundi naye ana haki zake. Amepanda boda, ameacha kazi nyingine, na amekupa akili yake. Akija akakuambia shida ni nini, hata usipompa kazi, mlipe ile pesa ya kuangalia mliyopatana. Wanaokataa kulipa pesa hiyo ndio huletewa mafundi wanaotafuta faida kwenye spea.

Patana kwa maandishi kabla spana haijashikwa. SMS inatosha. Kiasi hiki ni cha mfano tu:

"Habari fundi. Tumekubaliana hivi: kuja kuangalia 1,500, nalipa ukimaliza kuangalia. Spea nalipa mwenyewe dukani. Kazi 6,000: 2,000 ukianza, 4,000 trekta ikishalima nusu ekari bila shida. Spea za zamani unaniachia. Kama ni sawa nijibu."

Ile nusu ekari ina maana yake. Trekta inaweza kunguruma vizuri ikiwa imesimama, ikazima plau ikiingia ardhini. Klachi inayoteleza, mikono ya kuinua plau iliyoishiwa nguvu, injini inayochemka: vyote hujitokeza kazini, si kwenye kivuli. Na spea za zamani ukiachiwa, unajua kweli kilitolewa kitu.

Matengenezo yakiwa makubwa, kumbuka muamala mmoja wa M-PESA hauzidi shilingi 250,000. Ukifungua injini nzima kwa dila unaweza kuhitaji kulipa kwa awamu au kupitia benki, kwa hivyo jipange kabla ya siku ya kuchukua trekta. Makato ya kutuma pia yako, si ya fundi. Yaongeze kwenye bajeti.

Pesa ikienda pasipofaa

Ukikosea namba, chukua hatua mara moja. Kwa M-PESA, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456. Kadiri unavyochelewa, ndivyo aliyepokea anavyozidi kupata nafasi ya kuitoa, na ikishatoka kuirudisha ni kazi ngumu. Usimpigie kumbembeleza kwanza. Anza na 456.

Lakini wengi hawajui kwamba huduma hiyo ni ya pesa iliyopotea njia. Kama ulimtumia fundi uliyemkusudia, naye akazima simu, muamala wenyewe haukuwa na kosa. Hilo ni suala la ulaghai, na la kwenda nalo kituo cha polisi. Utakachobeba ni ujumbe wa muamala, ile SMS ya mapatano na picha. Asiye na SMS ya mapatano ataulizwa pesa zilikuwa za nini, na atajibu kwa mdomo.

Jihadhari pia na atakayekupigia akisema yeye ni wa kampuni ya simu, ameona malipo yako ya spea "yamekwama", na anahitaji PIN yako ayafungue. PIN haihitajiki na mtu yeyote, hata sisi.

Msimu ukiisha, itisha taarifa ya miamala ya miezi hiyo na uiweke pamoja na daftari la mita ya saa. Kila tengenezo liandikie saa zilizosomeka siku ile: filta saa 2,140, klachi saa 2,310. Ukiona kitu kilekile kimelipiwa mara tatu ndani ya saa mia mbili, mpigie dila au fundi mwingine Desemba, trekta ikiwa imeegeshwa na mafundi hawana foleni.