Ansan: viwanda vipo, reli bado

Mji wa Ansan, kusini-magharibi ya Seoul, ulijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kupokea viwanda vilivyohamishwa kutoka mji mkuu wa Korea Kusini. Vingi ni vidogo, vinavyotengeneza vipuri vya kampuni kubwa. Oda zikipungua, hivi ndivyo huumia kwanza.

Wakazi wengine hulala Ansan na kufanya kazi Seoul. Hao wanangojea reli ya Shinansan, inayotarajiwa kuwafikisha Yeouido, mtaa wa mabenki, kwa dakika 25 hivi. Ujenzi ulianza 2019, ukachelewa, na Aprili 2025 handaki likaporomoka Gwangmyeong. Anayenunua nyumba Ansan kwa mkopo, bei ikiwa imekwisha kuhesabu reli hiyo, ataanza kulipa riba kabla treni haijafika.