Haki katika Biashara ya Vyombo vya Kale

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa miaka mingi tumewaona wananchi wa pwani yetu wakiifuata methali hii kana kwamba ni amri, hali ilikuwa ni onyo. Kasha la msaji lenye misumari ya shaba lilitolewa chumbani, likapisha kabati la mbao nyembamba za kiwandani. Dele la kahawa lilipimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sahani za Uholanzi, ambazo bibi zetu walizitundika ukutani kwa fahari, ziligeuzwa vyombo vya kulishia kuku.

Siku hizi upepo umegeuka. Katika miji yetu wako akina mama na vijana ambao hukutana wawili watatu, wakatia akiba zao pamoja, wakanunua makasha, masinia, mirashi, kandili na pasi za makaa. Huvisugua na kuvitengeneza uani, kisha huviuza sebuleni mwa mmoja wao, au kwa picha zinazopelekwa kwa simu. Hawalipi kodi ya duka, wala hawana tajiri juu yao. Twaiona kazi hii kuwa ni ya heshima, nasi twawapongeza. Lakini pongezi tupu hazimjengi mtu. Biashara hii ina mitego, na yatupasa kuitaja wazi.

Mtego wa kwanza uko mlangoni mwa mwenye chombo. Tuchukue mfano. Mama mjane ahitaji fedha za dawa, na chini ya kitanda chake liko sinia la shaba alilopewa siku ya harusi. Mnunuzi ajua thamani yake; mama hajui. Mnunuzi akimpa bei ya chuma chakavu, akaliuza sinia lile mjini kwa bei mara kumi, wako watakaomsifu kwamba ana akili ya biashara. Sisi hatumsifu. Tuliwalaumu walanguzi walionunua kopra na pamba kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mkulima hakujua bei ya soko. Je, tutasema nini tukiwatenda mama zetu yale yale? Kutojua kwa mwenzio si mtaji wako.

Njia iliyo safi ipo, wala haihitaji fedha nyingi. Chombo na kichukuliwe kwa amana, kwa karatasi yenye sahihi za pande zote mbili. Mama apewe fedha kidogo za kutangulia kwa ajili ya shida yake. Chombo kikisha kuuzwa, aonyeshwe bei iliyopatikana, naye apate sehemu iliyo kubwa. Wauzaji wakate fungu walilopatana naye tangu mwanzo. Atakayetendewa hivyo atawaambia jirani zake, na milango mingine itafunguka.

Mtego wa pili ni uongo juu ya umri. Wako wanaopaka kasha jipya rangi ya kahawia, wakaliacha juani na mvuani, wakasema ni la zama za Masultani. Mnunuzi akigundua, hamchukii mwuzaji peke yake, bali huwachukia wote wa biashara ile. Anayetaka kusema kweli hana budi ajifunze, na mwalimu wa kwanza ni chombo chenyewe.

Sahani na ipinduliwe, itazamwe chini. Mabakuli mengi yenye maua yaliyouzwa pwani yetu yalitoka mji wa Maastricht huko Uholanzi, ambako Petrus Regout alianzisha kiwanda chake katika miaka ya 1830, na jina la mji huo huonekana katika chapa. Tena, sheria ya Uingereza ya mwaka 1887, na ile ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891, ziliwafanya wenye viwanda wengi waandike nchi ilikotengenezwa bidhaa. Basi sahani yenye jina la nchi kwa kawaida si ya kabla ya miaka hiyo. Chombo kilichoandikwa Czechoslovakia hakiwezi kutangulia mwaka 1918, na kilichoandikwa West Germany hakiwezi kutangulia mwaka 1949. Asiyejua umri aseme hajui, na aliyeziba ufa auonyeshe.

Ukweli huu wahusu afya pia. Rangi za baadhi ya vyombo vya zamani zina risasi, na ndimu au ukwaju huitoa ikaingia chakulani. Sufuria ya shaba nyekundu iliyochakaa bati ndani haifai kupikiwa kitu kichachu mpaka itiwe bati upya. Chombo cha namna hiyo na kiuzwe kuwa pambo, na mnunuzi aambiwe hivyo.

Iko na sheria ya nchi. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na miimo iliyonakshiwa kabla ya mwaka 1940, na vyombo vya mila vilivyotengenezwa humu nchini. Kufanya biashara ya vitu hivyo, au kuvipeleka nje, kwataka kibali. Zanzibar na Kenya nazo zina sheria zao. Marafiki wasiogope kuiuliza idara inayohusika kabla ya kununua, maana mlango ukisha kung'olewa nyumbani mwake na kupakiwa melini, haurudi.

Mtego wa tatu umo ndani ya urafiki wenyewe. Mmoja hutoa fedha, wa pili hutoa sebule yake, wa tatu hutoa mikono yake inayojua kuunga mguu wa kiti. Mwanzoni hakuna anayehesabu, kwa kuwa wote ni ndugu. Faida ikija, kila mmoja huona kwamba jasho lake ndilo zito. Mwenye sebule hukumbuka watoto wake waliokosa mahali pa kusomea. Fundi hukumbuka usiku aliokesha. Mwenye fedha huuliza bakuli lililovunjika litalipwa na nani.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki nao hupotea hivyo hivyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara yasema kwamba washirika wasiopatana vingine hugawana faida na hasara sawasawa, na kila mmoja aweza kudaiwa deni la ushirika mzima. Basi na wapatane kabla ya kununua hata kijiko kimoja. Waandike nani ametoa nini, sebule na mikono vyahesabiwa kiasi gani, hasara yabebwa vipi, na anayetaka kutoka atatokaje. Fedha za biashara zisikae katika mkoba mmoja na fedha za mboga. Daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao hakikuuzwa kitu.

Tena twaongeza jambo moja. Katika daftari hilo na uachwe ukurasa wa habari za kila chombo: kilitoka mtaa gani, kilitumika katika shughuli gani, nani alikitengeneza kama ajulikana. Chombo kitakwenda kwa mnunuzi, lakini habari zake zitabaki kwetu. Na kama mama mwenye sinia atasita siku ya kuuza, asisukumwe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Marafiki wema watamwambia: Mama, liweke, siku ukiamua, sisi tupo.