Terpini katika utomvu wa hagar

Nyika inayoizunguka Griftu, Wajir Magharibi, ni nchi ya miti ya Commiphora. Mmoja wao, Commiphora holtziana, Wasomali huuita hagar, na utomvu wake hubeba jina hilohilo. Wafugaji huuponda, huukoroga kwa maji, kisha huwapaka mifugo ili kuwafukuza kupe. Ufunguo wa kuelewa kinachotendeka hapo ni neno moja la kemia ogania: terpini.

Terpini ni molekuli ya kaboni na haidrojeni pekee, iliyojengwa kwa vipande vya isoprini. Kila kipande kina kaboni 5 na haidrojeni 8, na mmea huviunganisha kama shanga katika uzi. Vipande viwili hutoa C10H16, kundi la monoterpini. Vitatu hutoa C15H24, nazo huitwa seskwiterpini. Mjerumani Otto Wallach ndiye aliyeweka utaratibu katika familia hii, na mwaka 1910 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Oksijeni ikiingia, jina hubadilika: molekuli hiyo sasa ni terpinoidi. Katika mazungumzo ya kawaida, hata miongoni mwa wataalamu, aina zote mbili huitwa terpini. Lakini kwa hagar tofauti hiyo ina uzito.

Mwaka 2008 jarida la Phytochemistry lilichapisha utafiti juu ya utomvu huu. Watafiti waliutoa kwa kimiminika kiitwacho heksani, wakaujaribu kwa kupe wa ng'ombe, Boophilus microplus, na ukawafukuza kwa muda wa hadi saa 5. Walipotenganisha viambato vyake, nguvu hiyo ilionekana katika sehemu isiyo na oksijeni, yaani terpini kwa maana yake halisi. Seskwiterpini tatu ndizo zilizotia fora humo: jemakrini-D, delta-elemini na beta-boboni. Manemane, utomvu wa Commiphora myrrha, haikuwafukuza kupe katika jaribio hilo, nayo ilikuwa na kiasi kidogo sana cha molekuli hizo. Harufu na ladha ya manemane hutokana kwa sehemu kubwa na terpinoidi zenye pete ya furani, ambayo ina oksijeni. Miti ni ndugu wa jenasi moja, lakini kemia yake ni tofauti.

Molekuli zote tatu za hagar zina fomula moja, C15H24. Zinatofautiana kwa umbo tu. Joto huweza kuigeuza molekuli ya aina ya jemakrini kuwa elemini, na mwanga huweza kuigeuza jemakrini-D kuwa boboni. Ndiyo maana watafiti waliona kuwa mbili za mwisho huenda ni mabaki ya mabadiliko hayo. Kwa mkusanyaji au mfanyabiashara, hiyo ni sababu tosha ya kuuweka utomvu kivulini, mbali na jua la Wajir.

Swali la haki ni hili: terpini haziyeyuki majini, sasa mfugaji anawezaje kuukoroga utomvu kwa maji? Hagar ni mchanganyiko wa mafuta, utomvu mgumu na gundi. Gundi ni minyororo mirefu ya sukari, inayokubali maji, nayo huyashikilia matone madogo ya mafuta yasijitenge haraka. Gundi ya mgunga, inayokusanywa pia Wajir na Garissa na kutumika katika vinywaji na peremende, haina terpini za namna hiyo, kwa hiyo haina harufu ya ubani.

Jaribio la maabara halikupima maji ya mfugaji wala kupe wa ngamia. Hata hivyo, utafiti huo ulivuka mipaka ya kupe: uliwajaribu pia utitiri wekundu wa kuku, Dermanyssus gallinae. Kwa wadudu hao sehemu zote mbili zilifukuza vikali, ile ya terpini tupu na ile yenye oksijeni.