Kimea, Togwa na Tumbo Lisilopatana na Ngano

Punje ya nafaka ina fitati, yaani kemikali ambayo mmea huitumia kuhifadhi fosforasi, na ambayo ndani ya tumbo la binadamu hushika madini ya chuma na zinki yakapita bila kufyonzwa. Kulowesha nafaka huamsha kimeng'enya kiitwacho fitase, ambacho huivunja fitati hiyo, na kuchachusha huiendeleza kazi hiyohiyo.

Kimea hufanya jambo la ziada. Ulezi ulioloweshwa usiku kucha hufunikwa kwa gunia bichi hadi uchipue, kisha huanikwa na kusagwa; uchipuaji huo huzalisha amilase, kimeng'enya kinachokatakata wanga. Kijiko cha unga wake kikikorogwa katika uji mzito ulioanza kupoa, uji hulegea machoni pa mpishi bila kuongezwa maji, na hivyo mtoto au mgonjwa mwenye tumbo dhaifu hupata chakula kingi katika bakuli dogo, mradi uji uchemshwe tena kabla ya kunywewa. Togwa, kinywaji cha uji uliochachushwa, hutumia kimea hichohicho, kisha bakteria wa asidi ya laktiki huipa uchachu wake. Kimea cha mtama kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa machipukizi na mizizi yake hubeba durini, kemikali inayozalisha sumu ya sianidi, na kwa hiyo hupukutwa na kupepetwa kabla ya kusaga.

Ustadi wote huo, hata hivyo, haumsaidii mgonjwa wa seliaki anayetaka kula ngano. Katika ugonjwa huu gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai, huufanya mfumo wa kinga ushambulie utumbo mwembamba, na kuchachusha kwa kawaida jikoni hakuiondoi protini hiyo kiasi cha kutosha. Kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu zisizozidi 20 kwa kilo, kiasi ambacho mabaki ya ngano katika mashine ya kusaga huweza kukipita kwa urahisi. Ulezi, mtama, uwele, mahindi na mchele havina gluteni, lakini unga wa lishe, unaosifiwa kuwa unamfaa kila mtu, mara nyingi huchanganywa na ngano.

Anayeshuku kuwa ana seliaki asiiache ngano kabla ya kupimwa damu, kwani akiiacha mapema, kingamwili hupungua na kipimo huweza kuonyesha kuwa hana ugonjwa alio nao.