Kupima Umaskini wa Mzee

Katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanzishwa mwaka 2012, mkutano wa kijiji hutaja kaya maskini, kisha kaya hizo huulizwa maswali. Je, nyumba imeezekwa bati au udongo? Majibu hupewa alama.

Haya, mfikirieni bibi kizee wa hapa Kolo. Bati aliezekewa na mwanawe, naye mwana amekwisha kufa. Julai hana wa kumletea kuni. Bati laonekana, baridi yake haionekani.

Zanzibar walichagua njia nyingine: tangu Aprili 2016 waliotimiza miaka 70 walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, wala hawakuulizwa mali. Ni kweli, tajiri naye alipata. Kwetu, mkutano ukiitwa, semeni bati lile liliwekwa na nani.