Mashine ya kupukuchua ikiziba, zima injini kwanza

Msimu wa kupukuchua mahindi umefika huku Kasesya, na kila nipitapo nakuta mtu anasukuma magunzi kwa mkono.

Nilivyoona mimi, wengi huumia vidole pale mashine inapoziba. Foleni ni ndefu, kibarua anaona kuzima injini ni kupoteza muda, anaingiza mkono. Zima. Subiri ngoma isimame kabisa, maana huendelea kuzunguka hata injini ikishazimika, ndipo uchokonoe kwa kijiti. Hendeli ya kuwashia aishike huyo huyo anayezibua, mwingine asije akawasha.

Glavu je? Kwa panga sawa, lakini karibu na mkanda unaozunguka zivue, hunaswa zikavuta mkono wote. Pete na saa vilevile. Mimi nilipokuwa chuoni mkono wa shati ulinaswa. Bahati yangu shati lilikuwa kuukuu, likachanika.

Na wewe uliyeajiri vibarua ni mwajiri: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka sehemu hatari za mashine zifunikwe. Kava la mkanda hata fundi wa kuchomelea mageti analiweza.