Majivu Si Dawa ya Matango

Kila masika naulizwa swali lilelile: "Mtaalamu, matango yangu yamegeuka njano. Nimeweka majivu, hayaponi. Niongeze kiasi gani?" Usiongeze hata kijiko. Tena nashangaa kwamba anayeuliza kiasi cha majivu huwa hajageuza hata jani moja kutazama upande wa chini.

Sifa za majivu mnazijua: yanarutubisha, yanaua wadudu, yanakausha ukungu, yanazuia maua kupukutika. Dawa inayotibu kila kitu inafaa kutiliwa shaka, kwa hiyo tuipime sifa moja baada ya nyingine.

Mbolea? Kuni zikiungua, naitrojeni karibu yote hupaa na moshi. Kinachobaki ni kalisi kwa wingi, potasiamu kiasi, na fosforasi kidogo. Tango linaloanza njano kwenye majani ya chini, yale ya zamani, aghalabu lina njaa ya naitrojeni, na hiyo majivuni haimo.

Ukungu? Ubwiri vinyoya, unaoyamaliza matango mengi wakati wa mvua, huota ndani ya jani na kutolea vimelea vyake chini ya jani. Wewe unanyunyizia majivu juu. Havikutani.

Wadudu? Hapa pana chembe ya ukweli: majivu makavu huwakera baadhi ya mbawakawa, mpaka umande wa kwanza utakapoanguka. Vidukari na inzi weupe wamejificha chini ya jani, wala hawana habari. Wanaoongeza sabuni ya unga ya kufulia ndio wanaoharibu zaidi, kwa sababu sabuni hiyo huondoa nta inayolilinda jani na kuliunguza.

Kibaya zaidi, majivu yanaleta ugonjwa wake. Tango hupenda udongo wenye pH kati ya 6 na 7. Majivu yenyewe hufika 10 na kupita. Ukiyarundika shinani, udongo unakuwa wa alkali, madini ya chuma na zinki yanabaki humo lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Kwa wenzetu wa pwani, ambako udongo wa matumbawe tayari una alkali ya kutosha, hali hiyo inakuja upesi. Mwenye bustani akiona njano mpya, anarudi jikoni kuchota tena!

Nitaambiwa, "Lakini bibi alitumia, na akavuna." Sibishani na bibi. Kama alilima nyanda za juu zenye mvua nyingi, mathalani Usambara, huenda udongo wake ulikuwa na asidi, na majivu kidogo yaliyotawanywa shambani yaliipunguza. Hiyo ilikuwa chokaa ya udongo. Hakuwa akitibu ugonjwa, na hakuyamwaga ndoo nzima kwenye miche sita nyuma ya nyumba.

Sasa yanayofaa, haraka haraka. Mabaka ya njano yenye kona, yaliyozuiwa na mishipa, na vinyoya vya kijivu chini ya jani asubuhi: ubwiri vinyoya. Ng'oa majani yaliyougua, pandisha mimea kwenye kichanja, mwagilia shinani asubuhi. Dawa ya mankozebu hukinga jani lililo zima, haifufui lililokufa. Unga mweupe juu ya jani: ubwiri unga, tumia salfa, si kwenye jua kali. Vidoa vidogo na utando mwembamba: utitiri. Majani yaliyokunjamana yenye mabaka ya kijani na njano: virusi, ng'oa mche, hauna dawa, kisha pambana na vidukari. Mche unaonyauka mchana na kuzinduka jioni: ng'oa mmoja utazame mizizi. Ina vifundo? Ni minyoo fundo. Usirudishie hapo matango, maboga wala matikiti. Tunda lenye funza: inzi wa matunda, okota yote, yafunge kwenye mfuko wa plastiki uuanike juani, usiyatupe kando ya shamba. Maua yanayodondoka? Ya kwanza kwa kawaida ni ya kiume, na kazi yake ikiisha huanguka. La kike lina tango dogo nyuma yake. Likidondoka, aghalabu nyuki hawakufika, pengine kwa sababu ulinyunyiza sumu asubuhi. Nyunyiza jioni, ukizingatia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna.

Kabla ya kununua dawa yoyote, chuma jani, ligeuze, na uangalie njano imeanzia wapi: majani ya chini au machanga ya juu. Ukikwama, mpelekee ofisa ugani wa kata jani hilo pamoja na mche mzima wenye mizizi yake. Majivu yaache yapoe; ukiwa na mboji ya kutosha, changanya kiganja kimoja humo, basi.